Sifuri za Mbele

JUMATANO, SAA 10:15 JIONI

Nyundo aliweka nyundo mezani kwanza, ndipo akaweka ramani. Ndivyo alivyofungua vikao vyake vyote. Wengine hufungua kwa dua. Yeye alifungua kwa kilo moja na nusu ya chuma chenye mpini wa mti.

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha duka la kunyolea. Kule mbele mashine ya kunyolea ilinguruma peke yake juu ya kiti. Kinyozi, mwenye duka, alikuwa ameiwasha na kuiacha ili mpita njia adhani kuna kichwa kinashughulikiwa. Alikuwa mzee mwembamba, mpole wa kauli, na wembe aliokuwa nao mfukoni ulikuwa umefanya kazi nyingine mbali na kunyoa. Hakupenda kuzizungumzia.

Wa tatu alikuwa dereva. Wenzake walimwomba sana apunguze mwendo, wakachoka, wakamwita Breki, kwa sababu breki ndicho kitu pekee kwenye gari ambacho hakuwa na habari nacho. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa ndani ya bendeji. Wa nne alikuwa dada yake wa kuzaliwa naye, na genge zima likamwita Dada hivyo hivyo.

Dada hakuwa jambazi. Alikuwa fundi wa programu za lebo katika bohari kubwa la mizigo. Wiki tatu nyuma Nyundo alimwomba msaada, akasema hapana. Akaombwa tena, akasema hapana. Hapana zilikuwa mbili, na vidole vikawa viwili. Vilivunjiwa hapo hapo, juu ya meza hii, huku yeye akishikiliwa mabega atazame.

"Kazi ikiisha salama," Nyundo alimwambia siku ile, "mdogo wako ni wako, mchukue mwende zenu. Ikiharibika, nitakurudishia kwa vipande. Wewe si mtu wa lebo? Kila kipande utakibandikia yake."

Basi alikuwa hapa.

"Waeleze," Nyundo alisema.

Dada alieleza akiwa ameinamia meza. Shelfu ya saba ya bohari ina maboksi mia mbili. Yote ya mbao, yote yamefungwa mikanda ya chuma, yote uzito mmoja. Mia moja na tisini na saba yana vitasa vya milango. Matatu yana dhahabu. Nje hakuna maandishi wala namba ya kusoma kwa macho. Kuna kibandiko chenye mistari tu.

"Mwenye mali mjanja," Kinyozi alisema.

"Mjanja nusu," Dada alijibu. "Amewaficha wezi na wapagazi. Mashine ya lebo hawezi kuificha. Lazima kuwe na faili mahali inayosema boksi gani lina nini."

Faili hiyo aliinakili. Rekodi mia mbili, kila boksi na mstari wake: kwanza namba ya tarakimu sita, halafu vilivyomo. Mashine za bohari zisingefaa, kwa kuwa kila swali linaloulizwa huonekana kwenye kioo cha mlinzi. Kwa hiyo alifufua mashine mbovu ya lebo, ya kuvaa kiunoni, iliyotupwa stoo, yenye skana ya mkononi, akaiandikia programu yake mwenyewe. Soma mistari. Pata namba. Itafute kwenye safu ya kwanza ya faili. Ukiikuta na kilichomo ni kitasa, washa taa nyekundu, endelea. Kikiwa dhahabu, chapa lebo moja yenye neno moja: BEBA.

"Na namba isipopatikana?" Breki aliuliza.

"Itaandika REKODI HAIPO. Lakini zote zipo. Jumatatu nimeijaribu kwa vibandiko kumi, vyote kumi imevipata."

Nyundo hakumwamini mtu. Alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba mashine na faili havitalala nyumba moja, asije fundi akafanya kazi peke yake. Kwa hiyo mashine ilibaki kwa Dada. Memori kadi yenye faili alimpa Breki jioni ya Jumatatu aipeleke kwa Kinyozi, na leo asubuhi Kinyozi alithibitisha kwamba ameipokea. Aliigonga sasa ndani ya kopo la nyembe, ikalia.

"Itatoka humo kesho, mlangoni mwa bohari," Nyundo alisema. Aliweka kiganja juu ya nyundo. "Atakayeichezea faili ana mteja mwingine pembeni. Na mwenye mteja pembeni mimi simuulizi mara mbili. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nani aichezee?" Kinyozi alisema. "Mimi kompyuta hata kuwasha sijui. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi kazi yangu kuzipunguza."

Breki alicheka. Kinyozi ndiye aliyewanyoa yeye na dada yake tangu wakiwa wadogo, mama yao akiwa amekaa pale pale kwenye benchi. Dada alimtazama mzee na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. Nyundo aliitazama saa yake. Aliisogeza mbali na uso ndipo akaisoma, maana miwani alikuwa nayo ila alikuwa anaionea aibu.

ALHAMISI, SAA 6:52 MCHANA

Gari la mizigo lilisimama nyuma ya bohari, mita kumi kutoka mlango wa kupakulia. Ndani ya bohari kengele ya chakula ingelia saa saba kamili. Wafanyakazi wangekwenda kantini jengo la pili kwa nusu saa. Angebaki mlinzi mmoja kibandani, mbele ya vioo vyake, na yule wa geti aliyewapitisha kwa kitambulisho cha Dada.

Walikaa watatu kiti cha mbele, Breki usukani, Dada katikati, Nyundo mlangoni. Kinyozi alikuwa nyuma kwenye toroli, ndani ya ovaroli ya bluu kama wenzake. Hapakuwa na ukuta kati ya kiti na sehemu ya mizigo. Ukinyoosha mkono nyuma unagusa toroli.

Dada peke yake ndiye aliyekuwa amefunga mkanda. Nyundo aliuona akacheka.

"Unamwogopa mdogo wako?"

"Nampenda," Dada alisema. "Anayempenda huyu hufunga mkanda."

Jasho lilikuwa linamtoka Breki shingoni. Dada aliliona. Aliliona pia jana yake na juzi, na kila alipomuuliza una nini, alijibiwa sina kitu. Lilikuwa linamsumbua kama kijiwe ndani ya kiatu.

Kengele ikalia.

SAA 7:01

Dada aligusisha kitambulisho chake, mlango ukafunguka. Nyundo na Kinyozi walipita ubavuni mwake. Breki alibaki na gari, injini ikiwa hai.

Mlinzi alikuwa anafungua chakula chake. Kinyozi alimfikia kabla kifuniko hakijatoka. Wembe ulikaa chini ya taya, mahali laini, bila kukata.

"Usitikisike, baba. Ukitulia utamalizia chakula chako."

Mlinzi alitulia. Mikono yake ilifungwa, mdomo ukabandikwa selotepu. Kazi safi. Nyundo aliikagua kazi hiyo, kisha akainua nyundo na kuishusha kwenye goti la mlinzi. Lilipasuka kwa sauti ya ubao mkavu. Mlinzi alipiga kelele ndani ya selotepu hadi macho yakamgeuka meupe.

"Alikuwa ametulia," Kinyozi alisema.

"Sasa ametulia zaidi."

Kinyozi alifuta wembe ambao haukuwa na damu. Dada alikuwa amesimama mlangoni ameziba mdomo kwa kiganja. Goti lile lilimkumbusha vidole.

SAA 7:04

Shelfu ya saba ilikuwa na ngazi nne, maboksi hamsini kila ngazi. Kinyozi alitoa kadi kwenye kopo la nyembe, Dada akaichomeka kwenye mashine ya kiunoni. Kioo kidogo kikawaka kijani. Aliinua skana akalenga boksi la kwanza.

Mlio. REKODI HAIPO.

Boksi la pili. REKODI HAIPO. La tatu. La nne. Alifuta kioo cha skana kwenye ovaroli akarudia. REKODI HAIPO.

"Nini?" Nyundo alikuwa mgongoni mwake.

"Subiri."

"Dakika ishirini na sita hazisubiri. Nini?"

Dada alifungua faili kwenye kioo cha mashine, mistari sita kwa wakati mmoja. Aliona kosa kabla hajapepesa. Namba zilikuwa fupi. Mistari ya boksi la kwanza ilisema 004718. Faili ilisema 4718. Mashine haijui kwamba hizo ni ndugu. Inalinganisha herufi kwa herufi, na sifuri kwake ni herufi kama nyingine. Mgeni akibisha mlangoni kwa jina la 004718, ndani anajibiwa huyo hakai hapa.

Jumatatu sifuri zilikuwapo. Na Dada alijua vizuri namna zinavyoondoka. Mtu akiifungua faili ile kwa programu ya majedwali, zile za kila ofisi, programu huiona namba na kuisafisha. Sifuri za mbele inaziona uchafu, inazitupa bila kumwambia mtu. Akiifunga tu, hakuna ubaya. Akihifadhi, zimekwenda. Kila fundi wa lebo amewahi kulia kwa kosa hilo, na watu wengine wote duniani hawajui kwamba lipo.

"Sifuri zimekatwa," alisema.

Lilikuwa neno la kifundi. Alilisema kwa haraka, kama angelisema kazini. Nyundo alilisikia kwa masikio ya Nyundo.

"Nani kazikata?"

Dada alifungua taarifa za faili. Mstari wa chini kabisa, kwa maandishi madogo kama chawa: IMEHIFADHIWA MARA YA MWISHO JUMANNE SAA 12:40 JIONI.

Jumanne. Jumatatu jioni alimpa Breki kadi. Jumatano asubuhi Kinyozi akaipokea. Jumanne nzima, saa kumi na mbili na dakika arobaini ikiwemo, kadi ilikuwa mfukoni mwa mdogo wake. Lile jasho. Lile sina kitu, dada. Ana mteja pembeni, aliwaza. Mtoto wa mama yangu ana mteja pembeni, na huyu mtu nyuma yangu ana nyundo.

"Inasema lini?" Nyundo aliinamia kioo. Alirudisha kichwa nyuma, akakisogeza mbele, akakunja macho. "Inaandika nini hapo? Nisomee."

Kinyozi alikuwa anakuja kutoka kibandani, anakunja kamba iliyobaki kwa utaratibu, kiwiko na kiganja.

"Jumatano," Dada alisoma. "Saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni."

Neno moja. Alibadilisha neno moja tu, na sauti yake haikutetemeka.

Nyundo alinyooka taratibu. Jumatano jioni kadi ilikuwa ndani ya kopo la nyembe. Hakuhitaji kuhesabu.

"Unaweza kutengeneza?"

"Dakika mbili."

"Tengeneza."

SAA 7:07

Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye shelfu, mashine mapajani. Programu ilihitaji mstari mmoja tu: kabla ya kutafuta, ondoa sifuri zote za mwanzo kwenye namba iliyosomwa. Vitufe vya mashine vilikuwa vidogo, herufi tatu kila kitufe. Alianza kubonyeza kwa vidole gumba.

"Mzee," Nyundo alisema. "Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Dukani. Kwa nini?"

"Na kopo?"

"Na kopo." Kinyozi aliacha kukunja kamba. "Kuna nini?"

"Unamkatia nani sifuri?"

"Sifuri gani? Mimi hata… Dada, huyu anasema nini?"

Dada alibonyeza. O. N. D. Kidole kikateleza, akafuta, akaanza upya.

"Dada. Mwambie. Kopo sijalifungua."

Hakuinua kichwa. Alijua akikiinua atamwona mzee aliyemfuta nywele shingoni kwa brashi ya unga akiwa na miaka sita, na ulimi wake utasema kweli, na kweli itatembea hadi nje kwenye gari. Aliendelea kubonyeza. O. A.

Kinyozi hakuwa mtu wa kusimama kama kondoo. Nyundo ilipoinuka, wembe ulikuwa tayari umefunguka. Ulimpata Nyundo kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo, shavu likafunguka kama mfuko. Nyundo hakurudi nyuma. Pigo la kwanza lilivunja mkono wa wembe. La pili lilitua mbavuni, na mzee akatoa pumzi zote alizokuwa nazo. Aliangukia magoti, akashika mguu wa shelfu kwa mkono mzima.

"Binti," alisema. Hakulalamika. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeelewa. "Ni mdogo wako, siyo?"

Alisema chinichini, na mdomo ulijaa damu, na Nyundo alikuwa anapiga kelele kwa ajili ya shavu lake. Aliyesikia ni mmoja tu.

Pigo la tatu lilikuwa la kichwani. Na la nne, ambalo halikuwa na kazi.

Matone matatu yaliruka hadi kwenye kioo cha mashine. Dada aliyafuta kwa kidole gumba ili aone anachoandika. Alimalizia mstari. Alihifadhi. Alisimama, akalenga boksi la kwanza.

Taa nyekundu. Kitasa. Imepatikana.

SAA 7:10

Alisoma maboksi kama mtu anayekimbia usingizini. Mlio, nyekundu. Mlio, nyekundu. Nyundo alimfuata na toroli, kitambaa kimefungwa usoni, damu ikimtiririkia kolani. Ili kwenda ngazi ya pili ilibidi wauruke mwili. Nyundo aliruka. Dada alizunguka.

Boksi la themanini na tatu, mashine ilinguruma kiunoni ikatoa ulimi wa karatasi. BEBA. La mia na kumi. BEBA. La mwisho lilikuwa karibu na mwisho wa ngazi ya nne, akiwa juu ya ngazi ya kupandia, na alipolivuta likamponyoka kidogo na kumkwaruza mkono hadi kwenye mfupa. Hakusikia maumivu. Baadaye ndipo alipoona.

SAA 7:19

Aliyeharibu mambo alikuwa mlinzi. Mtu mwenye goti lililopondwa alikuwa ametambaa mita nne kwa kifua na kukigonga kitufe chekundu kwa paji la uso. King'ora kilianza wakati toroli linapandishwa garini.

Nyundo alirudi ndani. Dada alisikia pigo moja. King'ora kiliendelea, lakini mlinzi hakuendelea. Alikuwa amefungua chakula chake tu, maskini.

"Mzee yuko wapi?" Breki aliuliza, mikono kwenye usukani.

"Endesha," Nyundo alisema akijitupa kitini.

"Kinyozi yuko wapi?"

"Kinyozi alikuwa na mteja pembeni. Endesha, au nikuunganishe naye."

Breki alimtazama dada yake. Dada alikuwa anafunga mkanda, na mara mbili ulimi wa mkanda ulikataa kuingia. Ukaingia.

Gari liliruka. Getini yule mlinzi wa geti alikuwa ameshusha chuma na kusimama mbele yake na bunduki, jambo la kishujaa na la kijinga. Alifyatua mara moja, kioo cha upande wa Nyundo kikamwagika. Breki hakugusa breki. Mlinzi wa geti aliruka pembeni, chuma cha geti kilikunjika juu ya boneti na kuchukuliwa nusu kilomita kabla hakijaanguka.

SAA 7:26

Barabara ya viwandani ilikuwa nyeupe kwa jua. Mwendo ulikuwa mia na ishirini. Maboksi matatu yalikuwa yamepangwa juu ya toroli, moja juu ya jingine, nyuma kabisa ya kichwa cha Nyundo. Kila gari lilipopita shimo yaligonga mgongo wa kiti chake, naye aliyapapasa kwa nyuma kama mtu anayepapasa mbwa wake.

Dhahabu humpa mtu maneno. Hata kwa shavu lililofunguka, Nyundo alitaka kuongea.

"Kinachoniuma," alisema, maneno yakitoka na damu, "ni kwamba faili ilikuwa nzima. Niliiona kwa macho yangu."

Dada aligeuza shingo. "Uliionaje?"

"Kwa kompyuta ya binti yangu. Nilitaka kuiona hiyo dhahabu imeandikwa. Mtu hawezi kuvunja milango kwa kuambiwa tu. Niliichukua kadi kwa mdogo wako Jumatatu ile ile. Jumanne nikaifungua, nikavaa miwani, nikaona. Dhahabu, dhahabu, dhahabu. Mara tatu. Nikaridhika. Mashine ikaniuliza nihifadhi?" Alijaribu kucheka, shavu likamkataza. "Mali yangu inaniuliza nihifadhi. Nikasema ndiyo. Nani asiyehifadhi mali yake?"

Dada alimgeukia mdogo wake.

"Aliniambia nikimwambia mtu atamalizia vidole," Breki alisema taratibu, macho barabarani. "Hata wewe, dada. Ndiyo maana nilinyamaza. Akanirudishia asubuhi ya jana nikampelekea mzee."

"Uliona namba ya kwanza?" Dada alimuuliza Nyundo. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ilianza na nini?"

"Nne. Nne, saba, moja, nane."

"Ilikuwa na sifuri mbili mbele. Hakuna aliyezikata. Zinakatika zenyewe ukihifadhi."

Nyundo hakuwa mpumbavu. Wapumbavu hawadumu kwenye kazi ile miaka ishirini. Ungemwona akitembea ndani ya kichwa chake mwenyewe, chumba hadi chumba, hadi alipofika kilipokuwa kioo kidogo na mwanamke anayemsomea.

"Ulinisomea Jumatano."

"Ndiyo."

"Ilikuwa imeandikwa nini?"

"Jumanne."

Neno hilo moja, lingesemwa saa saba na dakika sita, Nyundo angekunja uso, angesema aa, Jumanne ilikuwa mimi, na Kinyozi angemaliza kukunja kamba yake. Hivyo tu. Kweli ilikuwa salama kabisa. Uongo ndio uliokuwa na nyundo.

Breki alikuwa ameelewa pia. Dada aliiona shingo yake ikigeuka, aliyaona macho yake. Hayakuwa na hasira bado. Yalikuwa yanauliza.

"Nimemjua mzee yule miaka kumi na tisa," Nyundo alisema. "Umenifanya nimuue kwa kosa langu mwenyewe."

Mkono wake ukashuka kati ya magoti. Ukapanda na nyundo. Ndani ya gari hapakuwa na nafasi ya kuizungusha, kwa hiyo aliirudisha nyuma hadi begani, akalenga uso wa mwanamke kwa ule upande wa ncha.

Dada hakupiga kelele. Alimwita tu mdogo wake kwa jina alilopewa na genge.

"Breki."

Na kijana, kwa mara ya kwanza maishani, akazikanyaga. Alizikanyaga kwa miguu yote miwili.

Gari lilipiga magoti. Mkanda ulimkata Dada kifuani na kumrudisha. Nyundo hakuwa na kitu cha kumrudisha. Alikutana na kioo cha mbele kwa paji la uso, kioo kikafanya maua, na kabla hajaanguka chini, dhahabu yake ikamfuata. Kilo ishirini na tano, mara tatu, zikitoka mwendo wa mia na ishirini. Boksi la juu lilipita juu ya mgongo wa kiti likamkuta kisogoni. Sauti yake Dada angeisikia kila mlango utakapofungwa kwa nguvu, maisha yake yote.

Gari liligeuka ubavu, likasukuma ukuta wa kiwanda, likanyamaza. Boksi lilikuwa limepasuka. Vipande vya manjano vilikuwa miguuni mwao, vidogo kuliko alivyowahi kufikiria, vimelowa.

SAA 7:31

Mguu wa kulia wa Dada ulikuwa umebanwa chini ya dashibodi iliyokunjika. Breki alikuwa nje tayari, paji limechanika, amesimama upande wa mlango wake. Ving'ora vilikuwa mbali, upande wa bohari.

"Nivute," Dada alisema.

Hakumvuta.

"Ulidhani ni mimi."

"Kadi ilikuwa kwako. Jumanne. Ulikuwa unatoka jasho, nikikuuliza husemi…"

"Ulidhani ni mimi," Breki alirudia. "Mzee ametunyoa tangu sijui kuongea, dada. Ulimtoa yeye kwa sababu uliamini nimewauza nyote. Hukusubiri hata kuniuliza."

"Nilikuwa nakuokoa."

"Najua." Alipangusa damu jichoni kwa ile bendeji. "Ndiyo inayoniuma."

Alisimama hapo kitambo. Angeweza kuingia, kuukwamua ule mguu na kuutoa. Dakika mbili, pengine tatu. Dada aliuona mkono wake mzima ukianza kunyooka, halafu ukajirudisha mfukoni. Aligeuka akaondoka kando ya ukuta, hakukimbia. Yeye ambaye hajawahi kwenda polepole popote, alitembea. Kwenye kona hakugeuka.

Ndipo Dada alipolia. Alilia kwa sauti, peke yake, na maiti ikiwa imemlalia begani.

SAA 7:44

Askari aliyechungulia alikuwa mtu mzima mwenye daftari. Alitazama dhahabu, akatazama kichwa cha Nyundo, akatazama pembeni kidogo kabla ya kurudisha macho. Wenzake walikuwa wanatafuta chuma cha kuinulia dashibodi.

"Mama, unanisikia? Huyu alikuwa nani?"

"Nyundo."

"Na yule wa kule bohari, mzee?"

"Kinyozi. Huyo andika hakufanya kosa. Andika hilo kwanza."

Askari aliandika. Akauangalia usukani, kiti kitupu, mlango uliokuwa wazi na alama ya kiganja chenye damu kwenye kitasa, bendeji imeacha nyuzi zake.

"Na aliyekuwa anaendesha? Jina lake?"

Mashine ya kiunoni ilikuwa bado hai, kioo kimepasuka katikati, taa yake ikisubiri kuulizwa kitu. Dada aliitazama, kisha akautazama ule ukuta mrefu ambao hapakuwa na mtu tena kando yake.

"Rekodi haipo," alisema.